Kuzingirwa kwa Shitanda katika Basi la Nyota ya Marama

Sogeeni, enyi watu wa Khwisero na Butere, nanyi mlioshuka kutoka Malinya mkiwa bado na udongo wa dhahabu kwenye kucha. Wekeni vikapu chini, zimeni redio, mwenye mtoto anayelia na amnyonyeshe, kwa maana leo ninasimulia tendo ambalo wafalme wengi wamekufa bila kulitenda. Sitasimulia vita vya mafahali, ambavyo kila mmoja wenu amevitazama akiwa juu ya mti. Wala sitasimulia reli iliyokuja kwa kishindo mpaka Butere ikaishia hapo hapo. Nitasimulia jinsi Ignatius Shitanda, mwana wa Khwisero, mfukua magofu, mbeba simu, alivyofungua mlango wa basi. Anayetaka kucheka na acheke sasa, kwa sababu mbele huko nitahitaji utulivu.

Huyu Shitanda, siku za kawaida, alikuwa fundi wa redio sokoni, mtu mpole mwenye kitambi cha heshima. Lakini siku ya kufunga duka ilipofika alivaa fulana yenye mifuko mingi kuliko vitu vya kutia mifukoni, akatwaa mpini wa mopu alioufunga kishikio cha simu kwenye ncha yake, akaenda kurekodi mahali palipokufa. Alikuwa amekwisha kurekodi kinu kisichosaga, posta isiyopokea barua, na bwawa la samaki ambalo ng'ombe walikuwa wakilala ndani yake. Video hizo alizipandisha mtandaoni kwa matumaini makubwa, zikatazamwa na Milcah mkewe, tena Milcah peke yake, mara nyingine huku akipepeta mchele. Shitanda hakulalamika. Alitamani tu, kabla ya kuzeeka, apate video moja ambayo watu wangeitazama bila kuombwa.

Hilo lilikuwa tamanio lake. Utukufu wake ulikuwa mwingine, na huo ndio uliotiwa hatarini siku ile, basi nisikilizeni vizuri. Kwetu mume wa binti na mama mzaa binti hawatazamani usoni. Huo ndio ukwe, na ukwe ni heshima. Wakikutana njiani mmoja ataingia shambani mwa watu, na wakiwa na neno la kuambiana watalipitishia kwa mtu wa tatu. Tangu alipomwoa Milcah, Shitanda hakuwa ameuona uso wa mama mkwe wake hata mara moja. Aliijua sauti yake kwa kuisikia nyuma ya kuta, akaijua leso yake kwa kuiona ikipinda kona. Siku moja sokoni Butere, alipoiona leso ile ikija, alijitosa katika duka la nguo za ndani za kike, akakaa humo akipapasa bidhaa kwa uso wa mnunuzi mpaka hatari ilipopita. Watu walimcheka, lakini wazee waliposikia walitikisa vichwa kwa heshima.

Mume wa mdogo wake Milcah, Erastus, mkulima wa mahindi kutoka Lugari, hakuwa na sifa hiyo. Yeye alikutana na mama mkwe uso kwa uso penye nyanya, akababaika, akampa mkono. Ilibidi alete mbuzi ili doa lioshwe, na tangu hapo kila karamu alipewa bawa. Sasa kesho yake, Jumamosi, Mama Milcah alikuwa amewaita wakwe zake wote kula ingokho, ndiyo kuku, na imondo, yaani ile firigisi ya jogoo ambayo haigawanywi wala haiombwi, ilikuwa imetengwa kwa mkwe asiye na doa. Mkwe huyo alikuwa Shitanda. Lakini kama ingetokea, kwa bahati mbaya yoyote, nyuso zile mbili zikaonana kabla ya sahani kuwekwa mezani, basi imondo ingemwendea Erastus, kwa kuwa doa la Erastus lilikuwa limekwisha kuoshwa na la Shitanda lingekuwa bado bichi.

Katika hali hiyo ya utukufu mtimilifu, Ijumaa adhuhuri, Shitanda alifika kwenye depo ya Nyota ya Marama.

Wazee mtaikumbuka kampuni hiyo. Mabasi yake yaliondoka Butere alfajiri yakiwa na magunia, masanduku, wanafunzi na mbuzi wa kupelekewa watu wa mjini, na yalirudi yakiwa na magodoro. Kisha kampuni ikafa, wenyewe wakatawanyika, na depo ikabaki nyuma ya reli ikiota mapera na mrenda. Aliyebaki ni bawabu Mzee Yasin wa Mumias, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwambia rasmi kwamba kazi imekwisha. Ua ulikuwa umeanguka pande zote mbili za geti, na Shitanda alipokaribia, ng'ombe alikuwa akipita pale palipoanguka bila kuulizwa neno. Yeye hakupita alipopita ng'ombe. Alisimama mbele ya kizuizi akasalimu, asalaam aleikum, akaitikiwa, akahojiwa anatoka wapi na anataka gari la kwenda wapi, akaeleza shida yake kwa maneno marefu, na mwishowe Mzee Yasin akauinua mti ule wa kizuizi polepole, kama auinuavyo mtu mbele ya gavana.

Mzee Yasin alimwonya asiguse kitu, akachukua kofia yake akaenda kuswali Ijumaa. Jambo moja hakumwambia. Ndani ya basi la mwisho lililosalia, kwa miezi mingi, palikuwa na mwenyeji aliyemwomba asimtaje kwa mtu yeyote kwa sababu ya wezi, na Mzee Yasin, akiaminiwa jambo, hulinyamazia kabisa.

Shujaa akaingia peke yake. Akalivuka shimo la mafundi, ambamo vyura walikuwa wamefungua mkutano, akapita katikati ya matairi yaliyoota majani, akalifikia lile basi kubwa lililokuwa limesimama chini ya paa la mabati, limeegemea ukuta upande wa dereva, magurudumu yake ya mbele yamelala bila upepo hata pua yake ikainama. Madirisha yote yalikuwa yamezibwa kwa wavu wa waya. Hapo Shitanda alitakiwa kujiuliza ni kampuni gani ya mabasi iliyowahi kuwafunga abiria wake kwa wavu wa kuku. Hakujiuliza. Aliamua kwamba huo ni ulinzi wa zamani dhidi ya majambazi wa barabarani, akalirekodi wazo hilo, akauvuta mlango wa kushoto uliokuwa umerudishwa tu, akapanda, akaurudisha kama alivyoukuta.

Ndani kulikuwa na giza na harufu nzito. Viti vya nyuma vilikuwa na vikapu, na juu ya vikapu palikuwa na vitu vya mviringo vilivyotulia tuli, ambavyo Shitanda aliviona kuwa mizigo iliyosahauliwa na abiria. Aliisimamisha simu juu ya dashibodi, jicho lake likitazama viti, akasimama mbele yake, akakohoa.

"Enyi watazamaji wangu," akanena, "mnaouona leo ni ukumbi wa mashujaa wa barabara. Hapa waliketi baba zetu wakienda kutafuta, na hapa waliketi mama zetu wakiwafuata kuona kama kweli walikuwa wakitafuta. Tazameni mizigo yao. Wenyewe hawakurudi kuichukua, nami nitawaonyesha mmoja baada ya mwingine."

Mzigo mmoja ukafumbua jicho. Na kabla Shitanda hajapata nafasi ya kulitafakari jicho hilo, alisikia kutoka nje, chini ya paa la mabati, sauti ikiita kuku kwa ulimi. Aliifahamu sauti ile kuliko ya mwanamke yeyote isipokuwa mkewe. Mama Milcah alikuwa amefika kwenye banda lake la kuku.

Ee kumbukumbu, nisaidie nisiache kitu. Shitanda hakukimbia, maana mlango ulikuwa mmoja na mama mkwe alikuwa ameshaukanyaga. Alijitupa chini, kati ya kiti cha dereva na kifuniko cha injini, mahali ambapo mtu mwembamba angekaa kwa taabu na mtu wa kitambi hukaa kwa imani tu. Simu ilibaki juu ya dashibodi ikiendelea kurekodi. Mama Milcah akapanda na kikapu chake, akauvuta mlango nyuma yake kwa nguvu ili kuku wasitoroke, akaenda moja kwa moja mpaka nyuma bila kutazama kando. Mlango ulipofika mwisho ulitoa sauti ya kitu kuvunjika. Kigurudumu chake cha chini kilikuwa kimechomoka kwenye mfereji wake, lakini wakati huo hakuna aliyejua.

Ilivyokuwa ni kwamba kicheche alikuwa amewamaliza kuku wa mama huyu nyumbani, naye mama akatafuta ngome, akapata basi. Wavu ni yeye aliyeupigilia kwa mikono yake. Siku hiyo alikuja kuchagua jogoo wa karamu, na kwa kuwa alijua yuko peke yake na kuku wake, alizungumza nao waziwazi.

"Wewe mwekundu ndio wa kesho," akamwambia mmoja. "Nimekulishanga mahindi na wenzako wakila pumba, sasa sababu ndio hii. Imondo yako ni ya Shitanda. Huyo Erastus alinishika mkono nikiwa na nyanya, tukaangaliana mpaka ndani ya macho, na mbuzi aliyeleta alikuwa amekonda. Lakini Shitanda mimi namjuanga kwa kisogo tu. Mtu kama huyo akikula imondo kwangu, nikifa nitalala vizuri."

Aliyejikunja chini ya usukani aliyasikia maneno hayo, na machozi yakamtoka kweli, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsifu hivyo akiwa hayupo. Hapo ndipo alipoelewa kwamba si firigisi tu iliyokuwa hatarini. Palikuwa na mwanamke aliyempima kwa miaka, akamwona mzima, na chafya moja ingetosha kuharibu yote. Sisemi kwamba jogoo mwekundu naye alielewa Kiswahili. Nasema tu kwamba baada ya kusikia hukumu yake aliruka kutoka kwenye kiti, akaja mbele kwa mwendo wa askari, akazunguka kifuniko cha injini, akautazama mguu wa Shitanda pale suruali ilipopanda, na akaudonoa.

Shitanda hakupiga kelele. Akadonolewa tena, akauma fulana yake. Jogoo akapiga mabawa, vumbi la manyoya likainuka, likaingia puani mwa shujaa, na ndani ya pua hiyo vikaanza vita ambavyo jeshi lake lilirudi nyuma hatua kwa hatua, likashika bonde, likapoteza bonde, likajaribu mara ya mwisho kusimama. Kisha chafya ikatoka, nayo ilikuwa kubwa.

Kuku wote wakanyamaza. Mama Milcah alikuwa na mwiko katika kikapu chake, ule mwiko mkubwa wa kusongea obusuma, yaani ugali, wa watu wengi, aliokuwa ameuazima kwa ajili ya karamu. Akauchomoa. Alisema kwa sauti ya chini kwamba amemngoja mwizi huyu siku nyingi, kwamba hatapiga kelele kuita mtu kwa kuwa hahitaji msaada, na kwamba mwizi asimame amwone uso. Akaanza kutembea kuja mbele, polepole, akigonga kila kiti anachokipita.

Angemwona. Hatua chache tu zilibaki. Kusema jina lake Shitanda hakuweza, na kunyamaza kulikuwa kuonwa. Ndipo akili ikamjia, na nawaapia hakuna chuo kinachofundisha akili ya namna ile. Alikumbuka kwamba neno la mkwe kwenda kwa mkwe hupitia kwa mtu wa tatu, na wa tatu pale alikuwa jogoo.

"Ewe jogoo mwekundu," akanena kutoka chini, kwa sauti yenye heshima, "mwambie mama aliye nyuma yako kwamba hapa hakuna mwizi. Mwambie amelala hapa mtu wa Khwisero ambaye hawezi kutaja jina lake. Ana mke aitwaye Milcah, na Milcah huyo ana mama, na mama huyo tafadhali asiongeze hatua."

Mwiko ulianguka. Kulikuwa na mvumo wa nguo, leso ikifunguliwa na kufunikwa kichwani, kisha nyayo zikirudi nyuma upesi mpaka kiti cha mwisho. Shitanda, akiwa amefumba macho, alingoja. Hatimaye sauti ikasema, "Jogoo, muulize huyo mtu anatafutanga nini kwa nyumba ya kuku."

Basi jogoo akawa balozi. Alisimama katikati ya njia, mguu mmoja juu, akimtazama huyu kisha yule, na maneno yakapita juu yake kwenda na kurudi. Shitanda alimweleza habari za magofu na video zake. Mama alimwambia jogoo kwamba ameshazisikia kwa Milcah na hakuamini. Shitanda alimwomba jogoo amhakikishie mama kwamba hakuona chochote, hata leso. Mama alisema naye hakuona chochote, isipokuwa kiatu, na kiatu si uso. Wakakubaliana, kwa kupitia yule ndege, kwamba mpaka hapo hakuna aliyeharibikiwa. Ilibaki jambo dogo tu. Mama angetazama kioo cha nyuma, Shitanda angetoka bila kugeuka, na dunia ingeendelea na shughuli zake.

Shitanda akainuka kwa magoti, uso kwa mlango, akauvuta. Mlango haukusogea. Akauvuta kwa mikono miwili, akaweka mguu ukutani akavuta kwa mwili mzima, wala haukutikisika.

Enyi wasikilizaji, msiudharau mlango huo. Ulikuwa mlango wa kukunja wa chuma, uliowahi kubana magunia, koti za walimu na vidole vya makanga wengi, na katika uhai wake wote haukuwahi kumfungulia mtu aliyeuomba kwa upole. Madirisha yalikuwa na wavu ambao mwenyewe aliupigilia mara mbili kwa ajili ya kicheche. Upande wa pili ulikuwa ukuta. Na kumngoja Mzee Yasin hakukufaa, kwa sababu swala ingekwisha, na watu wengi hupita njia ile ya reli wakitoka msikitini, na kabla ya alasiri Butere nzima ingejua kwamba Shitanda na mama mkwe wake wametolewa pamoja ndani ya basi moja lililofungwa. Baada ya hapo hata mbuzi mnono asingetosha.

Alipoinua kichwa kutafuta kitasa, akakutana na hatari ambayo hakuifikiria. Juu ya kiti cha dereva kilining'inia kile kioo kipana ambacho madereva hutazamia abiria, na pembeni mwake, chini kabisa, kulikuwa na ncha ya leso ya bluu. Shitanda akafumba macho kama aliyemwagiwa pilipili. Alifikiria kuvua shati akifunike, akaona kwamba kuvua shati mbele ya mama mkwe ni msiba mkubwa kuliko huo anaoukimbia. Basi, macho yakiwa yamefungwa, akavua soksi, soksi ya mguu ule uliodonolewa, akapapasa hewani, akakipata kioo, akakivika.

"Jogoo," ikasema sauti kutoka nyuma, baada ya muda, "mwambie mkwe nimebeba mafuta ya kupikia, ya kesho. Mlango wa kutu unatakanga mafuta. Atumie, lakini asimalize."

Ikasikika chupa ikilazwa sakafuni. Kwa kuwa basi lile lilikuwa limeinama pua, chupa ikaanza safari yenyewe, ikabingirika kati ya viti, ikampita balozi aliyeruka pembeni, ikagonga kiatu cha Shitanda. Tangu basi lile lianze kazi halijawahi kufikisha mzigo kwa uaminifu kama huo. Shitanda akapiga magoti, akamwaga mafuta kwenye mfereji, akachomeka mpini wa mopu chini ya kigurudumu kilichochomoka, akaegemea.

Nitasema nini juu ya pambano lile? Chuma kililia, shujaa akalia. Kigurudumu kilipanda ukingo kikateleza, kikapanda tena kikateleza. Jasho lilimjaa machoni. Mpini wa mopu, uliobeba simu yake katika kila gofu, ulikatika vipande viwili mkononi mwake, akatupa kipande kimoja na kutumia kilichobaki. Kwa mbali alisikia sauti za watu wa kwanza kutoka msikitini wakisalimiana. Hapo akaweka bega. Akakumbuka maneno aliyoyasikia akiwa chini ya usukani, kwamba kuna mtu angelala vizuri, akasukuma kwa kitambi, kwa magoti na kwa vyote alivyokuwa navyo. Kigurudumu kikarudi mahali pake kwa mlio mdogo, mlango ukajikunja, na mwanga wa mchana ukaingia ndani ya basi la Nyota ya Marama.

Shitanda akashuka. Hakugeuka. Nawaambia hakugeuka, ingawa simu yake ilikuwa bado juu ya dashibodi naye alijua hivyo, kwa maana kuichukua kungemlazimu kuuelekeza uso ndani. Aliiacha, akaiacha na soksi, akatembea moja kwa moja akiwa na mguu mmoja mtupu ndani ya kiatu, akavuka mrenda, akapita penye ua ulioanguka pamoja na yule ng'ombe, akaenda zake Khwisero. Mzee Yasin aliporudi alikuta kizuizi kimefungwa kama alivyokiacha, akaridhika kwamba hakuna aliyetoka.

Mama Milcah alingoja mpaka nyayo zikafa. Ndipo akafunua kichwa, akamshika jogoo mwekundu, akakusanya mafuta na mwiko, akaiona simu inayorekodi, akaitia kikapuni chini ya jogoo, akampelekea bintiye.

Milcah alipoitazama video ile alikaa chini sakafuni akacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba gani. Yote yalikuwamo. Alikuwamo mama yake, uso wake wazi kabisa kwa sehemu kubwa, akizungumza na jogoo kwa lugha ya baraza. Alikuwamo mumewe, ambaye kwa muda wote alionekana ni mkono, soksi, au mgongo. Akamwomba mama ruhusa, na mama akasema ipandishwe, watu waone kuku wake walivyonona. Ikapandishwa jioni hiyo. Kufikia Jumamosi asubuhi ilikuwa imetazamwa Butere na Mumias, imetazamwa Lugari, na binamu mmoja aliyeko Doha aliandika kwamba wenzake wa kazini wasiojua neno hata moja la Kiswahili sasa wanamwita yeye mwenyewe Mlango.

Jumamosi karamu ikafanyika. Wanaume waliketi sebuleni, akina mama jikoni, na ukuta katikati yao. Kabla ya chakula wazee wa ukoo walijadili swali zito, kama mkwe anaweza kumtazama mama mkwe wake ndani ya simu. Mmoja alisema simu si mtu. Mwingine akauliza, kama kioo si hatari, soksi ilivaliwa na kioo kwa sababu gani? Wote wakamgeukia Shitanda. Naye, kwa kuwa ni mtu wa haki, akakiri kwamba kioo ni kioo. Hukumu ikapita. Video iliyotazamwa na watu wengi kuliko wote waliowahi kupanda Nyota ya Marama haitatazamwa na aliyeirekodi.

Imondo ikaletwa kutoka jikoni kwenye sahani ya peke yake. Ilikuwa ya yule balozi, na Shitanda aliila polepole, akiwa na huzuni kidogo, kwa kuwa hapakuwa na shahidi mwingine aliyejua yote yaliyosemwa. Baada ya kula, watu wakaizunguka simu ya Erastus. Shitanda aliketi akiutazama ukuta. Kila walipocheka aliuliza kumetokea nini, na kila mara akajibiwa na watu wengi kwa pamoja asielewe. Alisikia sauti yake mwenyewe ikisema ewe jogoo. Alisikia chuma kikilia. Alikuwa mtu mwenye furaha na mtu mwenye maumivu kwa wakati mmoja, na alilisema hilo waziwazi, kwamba angetoa hata ile imondo, kama haingekuwa imeshaingia tumboni, ili auone mlango ule ukifunguka.

Erastus wa Lugari, mla mabawa, akasikia. Alikuja na simu, akachuchumaa kando ya shemeji yake, akaweka kidole gumba juu ya kioo kuziba upande alipoketi Mama Milcah. Gumba lake ni gumba la mtu wa jembe, likafunika karibu kila kitu, likaacha utepe mwembamba ukingoni. Shitanda akainama. Katika utepe ule aliona bega, lilikuwa bega lake, likisukuma. Likateleza likasukuma tena, kisha mwanga ukaingia wote.

"Umefungua," akasema Erastus.

"Mnaona?" Shitanda akawauliza watu wote, bado akiutazama ule utepe.

Wakamwambia wanaona, na kutoka jikoni, nyuma ya ukuta, ikasikika sauti moja ikimwambia mtu fulani amwambie mkwe kwamba hata huku wameona. Hivyo ndivyo, enyi watu wa Khwisero na Butere, mlango wa basi la Nyota ya Marama ulivyoingia katika mambo makubwa yaliyotendeka upande huu wa reli, na mwenye kubisha na aende akaufungue mwenyewe, kwa sababu Mama Milcah ameufunga tena na kigurudumu kimechomoka.